SISI WA MTWARA NA TIMU ZA KARIAKOO

Ndugu Mhariri aliponiandikia akinitaka nitoe makala ya historia kwa ajili ya jarida la mkutano wetu, nadhani alitaraji nitaandika juu ya bandari au juu ya ule Mpango wa Karanga, kwa kuwa hayo ndiyo niliyoyashughulikia nilipokuwa Chuo Kikuu. Nimeamua kuandika juu ya mpira. Wenzangu tuliolala bweni moja hawatashangaa. Ninyi vijana mlioko madarasani hivi sasa nawaomba mnivumilie, maana kisa chenyewe kinaanzia Kariakoo, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 550 kutoka hapa, na kitachukua muda kufika uwanja wa Nangwanda Sijaona.

Nitangulize jambo moja. Mimi ni mshabiki wa Yanga, na nilikuwa hivyo kabla sijajua kusoma. Mjomba wangu alikuwa Yanga, na nyumbani kwetu Chikongola hilo lilitosha. Anayeandika historia ya ugomvi ambao na yeye ana upande wake, ni heri autaje mapema ili msomaji ajue pa kumpunguzia.

Mwishoni mwa Novemba 1993 nilikuwa kidato cha kwanza. Simba walikuwa wakicheza Dar es Salaam mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan, baada ya kutoka sare bila kufungana kule Ivory Coast. Hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imefika fainali ya Afrika kabla ya siku ile. Redio katika bweni letu ilikuwa moja tu, na betri zake zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kufika dakika ya 90. Wa Simba walikaa upande wa mlango, sisi wa Yanga tukakaa upande wa madirisha. Stella wakafunga la kwanza. Baadaye wakafunga la pili. Kaka mmoja wa kidato cha nne, mtu mzima mwenye sharubu, alilia machozi mbele yetu wala hakujificha. Na sisi wa madirishani tukapiga ndoo na kuimba.

Mwalimu wa zamu akaja mbio akidhani pana moto.

"Mnashangilia nini?"

"Simba amefungwa, mwalimu."

"Amefungwa na nani?"

Hapo tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka jina la timu ile. Adhabu yetu ilikuwa kufyeka nyasi za uwanja wa mpira, nami nakiri kwamba nilifyeka huku nikicheka.

Sasa turudi nyuma. Kariakoo, kama mjuavyo, ilipata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye pakawa mtaa wa Waafrika, na kwenye mtaa huo zikazaliwa timu nyingi za vijana, nyingine zikaishi mwaka mmoja zikafa. Yanga huadhimisha tarehe 11 Februari 1935 kuwa siku yao ya kuzaliwa. Jina lao, Young Africans, yaani Vijana wa Kiafrika, halikuwa dogo kwa zama zile ambapo Mwafrika hakuwa na mamlaka katika mji aliouchimbia mitaro kwa mikono yake. Mwaka uliofuata, 1936, ikatokea timu ya pili, ambayo baada ya kubadili jina mara kadhaa ikajulikana kama Sunderland. Wazee wa mjini husimulia kwamba walioianzisha walikuwa wenzao wale wale wa Yanga waliokosana wakatoka. Kwa hiyo tangu mwanzo huu ni ugomvi wa ndugu wa nyumba moja, na hakuna ugomvi mrefu kama huo. Mwaka 1971 jina la Kiingereza likatupwa, Sunderland wakawa Simba. Yanga wana makao yao Jangwani, Simba wako Mtaa wa Msimbazi, na kutoka mlango mmoja hadi wa pili ni mwendo wa miguu.

Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, Sunderland ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza, wakarudia 1966. Kisha ikaja zamu yetu: tangu 1968 hadi 1972 Yanga walitwaa ubingwa miaka mitano mfululizo. Tarehe 1 Juni 1968 tuliwafunga wenzetu mabao 5-0. Mwaka 1969 Yanga walifika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika, wakatoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, 1-1 huku na 1-1 kule, na wakatolewa kwa kura. Kwa bahati nasibu, si kwa bao. Mjomba wangu aliieleza kura hiyo mpaka anakufa kana kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa. Simba nao mwaka 1974 wakafika nusu fainali ya kombe lile lile, wakatolewa kwa penalti na Mehalla ya Misri. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, fainali ya ligi ilichezwa Nyamagana, Mwanza, nasi tukashinda 2-1 katika muda wa nyongeza, Gibson Sembuli akisawazisha na Sunday Manara akimalizia.

Haki ya historia yanilazimu nitaje pia tarehe 19 Julai 1977. Simba 6, Yanga 0, na Abdallah Kibadeni peke yake alifunga matatu. Yanga wakati huo walikuwa bado hawajapona mpasuko wao, kundi moja likiitwa Raizon na jingine Kandambili, kwa majina ya viatu, na nusu ya wachezaji wazuri walikuwa wamekwisha kwenda kuunda Pan African. Huo ndio utetezi wetu. Watu wa Simba husema mabao hayajui viatu. Wao wakatufunga tena 5-0 mwaka 2012, nasi tukalipa 5-1 Novemba 2023, na hesabu hiyo nawaachia wenye muda.

Swali langu ni hili: haya yote yalitufikiaje sisi, watu wa mwisho wa nchi?

Vijana wa leo mnapanda basi Mtwara asubuhi na jioni mko Dar es Salaam. Sisi tulikuwa kisiwani. Barabara ya kusini ilikuwa ikikatika masika, na penye Mto Rufiji hapakuwa na daraja. Watu walilala Ndundu wakingojea kivuko siku moja, mbili, wengine wiki. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake tajiri alipanda ndege, mwenye nafasi kidogo alipanda meli, na wengine tulikaa nyumbani. Gazeti la Jumatatu lilisomwa Alhamisi. Lakini sauti ya Radio Tanzania haikuhitaji kivuko. Ahmed Jongo au Charles Hilary alipotangaza mpira, mtu aliyeketi chini ya mkorosho Nanguruwe alijua winga yuko upande gani wa uwanja kuliko aliyekuwa amesimama nje ya ukuta wa uwanja wenyewe. Na redio ilitangaza mechi za nani? Za hao wawili, basi. Mechi za Mtwara hazikutangazwa. Mtoto wa hapa alikua akijua kwamba mpira hasa ni kitu kinachotokea Dar es Salaam.

Njia ya pili ilikuwa watu. Wamachinga ni watu wa pwani ya Lindi, na mnajua wenyewe jinsi jina lao lilivyogeuka kuwa jina la kila mchuuzi wa barabarani nchi nzima. Hiyo ni alama ya idadi ya vijana wa kusini waliokwenda Kariakoo kutafuta maisha. Walifikia pale pale, baina ya Jangwani na Msimbazi. Kijana alipanga chumba na wenzake wanne, wa kwanza kumpa kazi akiwa mtu wa Yanga, na yeye akawa Yanga. Au akawa Simba, kwa njia hiyo hiyo. Akirudi kijijini msimu wa korosho alileta kanga ya mama, chumvi ya maneno ya mjini, na flana ya timu yake. Flana hiyo ilivaliwa na wadogo zake mpaka ikaoza. Nimeona watu wazima wakiwekeana gunia la korosho ghafi kwa mechi itakayochezwa mahali ambapo wote wawili hawajawahi kufika.

Wala haikuishia mpakani. Mwaka 2017 nilikwenda kikazi Kilambo, kwenye kivuko cha Ruvuma. Akashuka kijana kutoka upande wa Msumbiji, amevaa jezi ya Yanga iliyochanika begani. Nikamsalimu kwa Kiswahili, akaitikia kwa Kiswahili. Nikamuuliza kuhusu timu za Maputo. Akacheka, akasema Maputo ni mbali. Kweli ni mbali, zaidi ya kilometa 2,000. Kisha akanitajia wachezaji 11 wa Yanga kuanzia kipa. Wazee wa upande ule, pande za Kionga, walikuwa chini ya Mjerumani mmoja na wazee wetu mpaka Wareno walipouchukua mdomo wa mto mwaka 1916 na kuthibitishiwa mwaka 1919. Wazungu waligawana ardhi. Redio haikupata habari hizo.

Hapa nitachepuka kidogo nieleze mji wetu wenyewe, kwa sababu jibu moja liko humo. Mtwara ni mji mchanga. Mikindani ni ya kale, Lindi ni ya kale, lakini Mtwara hii yenye barabara pana imepangwa baada ya 1947, kwa ajili ya karanga za Nachingwea. Karanga hazikuota kama Waingereza walivyotarajia. Bandari ikafunguliwa 1954 wakati mpango wenyewe umekwisha kufa, na reli iliyojengwa kwa gharama kubwa iling'olewa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Wafanyakazi wa bandari walitoka kila upande, Wamakonde wa huku na wa ng'ambo, Wayao, Wamakua, Wamwera, watu wa Kilwa. Timu yao ikawa Bandari, ambayo iliwahi kufika ligi ya taifa. Ilikuwa timu ya kazini. Kazi ikipungua bandarini, timu nayo inakonda.

Timu za kazini si lazima zife. Taifa Stars ilipokwenda Lagos mwaka 1980 kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, kocha wake alikuwa Mpoland, Slawomir Wolk. Huko kwao Poland iko klabu iitwayo Górnik, maana yake mchimba madini, ya mji wa makaa ya mawe wa Zabrze. Ilianzishwa 1948, karibu sawa na mji wetu. Hadi kufikia 1988 ilikuwa imetwaa ubingwa wa nchi yao mara 14, na mwaka 1970 ilicheza fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya na Manchester City, ikafungwa 2-1. Warsaw, makao makuu ya nchi, ina klabu yake kubwa, Legia, lakini mchimba makaa wa Zabrze haendi uwanjani kwao kuishangilia Legia. Sisemi kwamba wao ni bora kuliko sisi. Nasema tu kwamba hilo linawezekana, kwa kuwa nilipokuwa kijana nilidhani haliwezekani. Na hata hapa nchini limewezekana: Mseto ya Morogoro ilikuwa bingwa 1975, Tukuyu Stars 1986, Coastal Union ya Tanga 1988, Mtibwa Sugar 1999 na 2000. Orodha hiyo haina timu ya Mtwara wala ya Lindi.

Nilihamishiwa Mtwara kikazi mwaka 2012. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, zilitokea zile ghasia za gesi. Nafasi yangu hainiruhusu kuzieleza kwa kirefu, wala jarida hili si mahali pake. Watu walikufa, na nyumba zilichomwa moto. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, tukaikalia miaka mingi, na sasa lilikuwa likitandazwa bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Maneno yaliyokuwa midomoni mwa watu sokoni, msikitini na ofisini nilimokaa yalikuwa hayo hayo: kila kilicho chetu kinakwenda Dar es Salaam.

Mwaka uliofuata Ndanda FC wakapanda Ligi Kuu, msimu wa 2014/15. Wana Kuchele! Maana ya neno hilo mnaijua, kumekucha. Kwa mji uliokuwa umetoka kwenye majonzi yale, lilikuwa jambo kubwa kuona jina letu limeandikwa kwenye msimamo wa ligi pamoja na wakubwa. Nilinunua jezi. Nilikwenda Nangwanda karibu kila wikiendi timu ilipokuwa nyumbani. Uwanja huo una jina la Lawi Nangwanda Sijaona, mtu wa huku kwetu aliyekuwa waziri katika serikali za mwanzo za Uhuru na kiongozi wa vijana wa TANU, na siku za Ndanda na Stand United au Ndanda na Kagera Sugar ungehesabu watu jukwaani ukamaliza kabla ya mapumziko.

Lakini siku za Simba na Yanga! Watu walitoka Newala, Tandahimba, Masasi, Kitaya, wengine walilala stendi. Mapato ya mlangoni ya siku hizo mbili yalikuwa chakula cha timu kwa miezi. Timu hii ilisafiri kwa basi mpaka Bukoba, kona ya pili ya nchi, ikarudi, na msimu wa 2018/19 ligi nzima haikuwa na mdhamini mkuu. Kwa hiyo siku ya wageni wakubwa ilikuwa neema, na hapo ndipo penye donda ninalotaka kulieleza.

Septemba 2018 walikuja Simba. Nilivaa jezi yangu ya Ndanda na kukaa jukwaa la kushoto na wenzangu, na tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Simba walishindwa kufunga, mchezo ukaisha bila bao, tukatoka tukiimba kuchele mpaka Ligula. Nilijiona mwana wa Mtwara hasa. Nilichokuwa sikukigundua ni kwamba jukwaa lile lote lilikuwa la Yanga. Upande wa pili, waliovaa nyekundu, walikuwa majirani zetu wa Magomeni na Majengo, waliozaliwa Ligula hospitali kama sisi, wakiizomea timu ya mji wao.

Mwaka 2019, katika msimu huo huo, wakaja Yanga. Sitasimulia mchezo. Asubuhi nilifungua kabati, jezi mbili ziko pamoja, na mkono wangu ukachukua ya kijani bila hata kufikiri. Nilipofika uwanjani nikakuta majukwaa yamebadilishana. Wale waliokuwa wekundu Septemba, leo wamevaa za Ndanda na wanaimba kuchele. Sisi tuliokuwa Ndanda tumekuwa wageni. Nafasi ilikuwa imebaki karibu na mzee mmoja aliyevaa kofia ya kiua na shati lisilo na rangi ya timu yoyote. Nilimkumbuka: siku ya Simba alikuwa amekaa pale pale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe mwezi ule hukuwa Ndanda?"

"Leo ni Yanga, mzee," nikamjibu, nikitabasamu kama mtu anayeeleza jambo linaloeleweka.

"Ehee," akasema, akatazama uwanja. Ndanda walipopata kona akapiga makofi, peke yake katika jukwaa letu. Watu wakageuka kumtazama kama amekosa adabu.

Wakati wa mapumziko tulizungumza. Alikuwa amefanya kazi ya kupakua meli bandarini kwa miaka mingi na aliijua timu ya Bandari tangu ujana wake. Nikamwambia, kwa majivuno ya msomi, kwamba mimi naweza kumtajia mabao ya Nyamagana 1974, mwaka ambao sikuwa nimezaliwa. Nikamtajia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Vizuri. Sasa nitajie watatu waliochezea Bandari."

Sikuweza hata mmoja. Nina shahada ya historia, nimezaliwa dakika kumi kutoka kwenye lango la bandari.

Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi tulikuwa tukilalamikia nini mwaka 2013. Gesi ilichukuliwa na bomba, kwa amri na mikataba, na wengi waliona hawakuulizwa. Sauti zetu hakuna aliyezichukua; tulizipeleka wenyewe, na tulilipa kiingilio. Timu ya nyumbani ilikuwa na washabiki wengi ajabu kila mara, ila walikuwa wa mkopo, na kila mechi kubwa nusu yao walirudishwa kwa mwenyewe. Mei 2016 hata uwanja wenyewe haukuwepo: mchezo wa nyumbani wa Ndanda na Yanga ulipelekwa Dar es Salaam, Uwanja wa Taifa, na pale Yanga wakakabidhiwa kombe la ubingwa. Nilisafiri kwenda kuutazama. Nilipiga picha na kombe kwa mbali. Wala haikunijia akilini kwamba siku ile Mtwara ilikuwa imenyimwa kitu.

Wenzangu wa Yanga na Simba watasema ninajitesa bure, kwamba mtu aweza kupenda timu mbili, na kwamba bila wakubwa wawili Nangwanda ingekuwa malisho ya mbuzi. Hoja ya mwisho ina ukweli wake, nimekwisha taja mapato. Hoja ya kwanza pia siikatai; mpaka leo mimi ni Yanga, na Juni 2023 tulipoifuata USM Alger fainali ya Kombe la Shirikisho, tukashinda 1-0 kwao na kukosa kombe kwa bao la ugenini, nilikaa kizani saa nzima bila kuwasha taa. Safari hiyo nikasikia kwa dirisha jirani zangu wa Simba wakipiga ndoo. Nikakumbuka bweni. Miaka miwili baadaye, Mei 2025, Simba nao wakapoteza fainali ya kombe hilo kwa Berkane ya Morocco, na ndoo zikapigwa upande wetu. Yangu haikuwemo, na hilo naliandika bila kujisifu, maana nilikuwa safarini.

Ndanda walishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2019/20, ule uliosimamishwa na korona na kumalizika Julai, na hadi naandika haya hawajarudi Ligi Kuu. Msimu huo huo jirani zetu Namungo wa Ruangwa, mkoani Lindi, ndiyo kwanza wamepanda, wakamaliza nafasi ya nne na kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini na Simba, wakafungwa 2-1. Mwaka 2021 wakaingia hatua ya makundi ya Shirikisho la Afrika, wakakutana na Raja ya Casablanca na Pyramids ya Misri. Huko hawakupata hata pointi moja, lakini walikwenda. Watu husema Namungo walibebwa na kuwa na Waziri Mkuu wa wakati ule, Ndugu Kassim Majaliwa, miongoni mwa wapenzi wao, na uwanja wao una jina lake. Yawezekana. Ila Ruangwa ni wilaya ndogo yenye barabara mbovu kuliko zetu, na mimi sikumbuki mtu yeyote aliyetuzuia wakubwa wa Mtwara, waliosoma shule kama hii, tusikae katika kamati ya Ndanda. Niliombwa mara mbili. Nilijibu kwamba nina kazi nyingi, na wiki hiyo hiyo nikahudhuria kikao cha tawi la Yanga.

Yule mzee wa bandarini nimemtembelea mara tatu tangu hapo, na nimeanza kuandika. Ninayo sasa majina 14 ya wachezaji wa Bandari wa nyakati mbalimbali, mengine ni ya utani tu, na mawili ni ya watu waliosoma shule hii hii yetu. Sitayachapisha kabla sijapata idhini yao au ya jamaa zao. Ndugu zangu tutakaokutana mkutanoni, aliye na picha ya timu ya Bandari, au ya timu ya mkoa iliyokwenda Kombe la Taifa, au hata ya timu ya shule ya mwaka wowote, namwomba aje nayo. Nitainakili pale pale na kumrudishia. Tafadhali majina yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli, kuanzia kushoto, waliosimama kwanza kisha waliochuchumaa.